Picha ya Mwombaji na Mtunzaji

Fomu ilikuwa na kurasa nne na niliijaza mara tatu. Mara ya kwanza kwa penseli, kwenye nakala, ili nijue maswali yanataka nini. Mara ya pili kwa kalamu, kwenye nakala nyingine niliyotoa steshenari ya pale Makandana. Mara ya tatu kwenye fomu yenyewe, baada ya kunawa mikono na kusubiri ikauke kabisa, kwa sababu niliwahi kusikia kwamba fomu yenye madoa hurudishwa. Sikumbuki nilisikia wapi. Huenda nilijitungia mwenyewe. Nina tabia hiyo.

Ilikuwa fomu ya Babu, baba yake marehemu baba yangu. Presha ya macho ilikuwa imelimaliza jicho lake la kushoto, na la kulia lilibakiza mwanga na kivuli tu. Akikaa mlangoni anajua kumekucha. Mtu akipita mbele yake anajua kuna mtu, basi. Daktari alisema matone ya dawa, asubuhi na jioni bila kukosa, yanaweza kuushikilia huo mwanga uliobaki. Yakikosekana, nao utaondoka. Na yalikuwa yameanza kukosekana. Lakini akiandikishwa halmashauri kama mtu mwenye ulemavu angepewa kitambulisho, na kwa kitambulisho hicho angepata msamaha wa matibabu, dawa akawa anaichukua dirishani bila kulipia. Kamati ya kupitisha majina ilikuwa inakaa Ijumaa. Ikishakaa, kikao kingine kingekuwa cha kusubiri miezi, na lile jicho halikuwa na miezi.

Kurasa mbili za kwanza hazikunisumbua. Wa nne ulikuwa wa daktari, ulishapigwa mhuri. Tatizo lilikuwa ukurasa wa tatu. Jina la mtunzaji. Uhusiano wake na mwombaji. Anamtunza tangu lini. Na chini kabisa, kwenye kijisanduku chenye mistari ya nukta: picha ya mwombaji na mtunzaji wakiwa pamoja.

Niliandika jina langu. Haukuwa uongo mtupu. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi minane iliyopita, nimerudi nyumbani Suma kusubiri kazi, na katika miezi hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimtia Babu matone na kumpelekea sahani yake. Lakini aliyekuwa akipika kilichomo kwenye sahani ni Mama. Aliyekuwa akifua mashuka, akifagia uwanja, akijua kwamba mvua ya siku tatu humtia Babu kikohozi, ni Mama. Sikumwandika kwa sababu ya kile kijisanduku cha picha. Mama ni mkwe wa Babu, na kwetu mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani.

Kwa Kinyakyusa wanasema kutila, ambako ni kuogopa, lakini kuogopa kwa heshima. Familia nyingi siku hizi zimeachana nako. Utawakuta wanasalimiana nje ya kanisa na kukaa kwenye gari moja. Mama hakuachana nako. Kwa miaka ishirini na minane aliishi na Babu kwenye uwanja mmoja, nyumba mbili zimetazamana, na hajawahi kukaa naye chumba kimoja wala kupeana naye mkono. Babu akikohoa kwa mbali njiani, Mama anaingia kwenye migomba mpaka apite. Jina lake halitamki. Kuna hata kitu kimoja cha jikoni ambacho Mama hukiita kwa jina alilotunga yeye, kwa kuwa jina lake la kweli linakaribiana na la Babu. Nilikuwa darasa la sita nilipogundua kwamba watu wengine hawakiiti hivyo.

Nimesoma maendeleo ya jamii. Niliandika utafiti wa kurasa sabini kuhusu kamati za maji za kijiji kimoja mkoa mwingine, nikawauliza watu wazima maswali ya ndani kabisa ya nyumba zao. Ya kwetu sikuwahi kuuliza. Ilibidi niulizwe.

Aliyeniuliza ni afisa ustawi wa jamii, Jumatatu, ofisini kwake Tukuyu. Alikuwa mama wa makamo aliyehamia kutoka Tanga, mtandio mweusi, sauti ya taratibu. Nilikwenda na Babu kwa bajaji. Alisoma fomu yangu nzuri isiyo na doa, akafika ukurasa wa tatu, akasimamisha kalamu penye "miezi minane".

Aliuliza kabla ya hapo nilikuwa wapi. Nikasema chuoni. Aliuliza Bibi yuko wapi. Nikasema alifariki nikiwa mwaka wa kwanza. Kuna watoto wengine? Mdogo wangu mmoja, alikuwa shule ya bweni.

"Sasa binti," akasema, "hiyo miaka miwili mzee alikuwa anakula kwa mkono wa nani?"

Nilifungua mdomo na nikagundua kwamba sijui. Nilijua Mama alipika. Lakini kati ya jiko la Mama na mlango wa Babu kuna hatua kama thelathini, na katika miaka ile hapakuwa na mtu wa kuzitembea.

Afisa hakukasirika. Alinieleza kwamba watu huleta watunzaji wa kuazima, halafu mgonjwa anabaki peke yake, kwa hiyo yeye huandika mtunzaji wa kweli aliyemwona kwa macho yake, pamoja na mwombaji. Mama aje Jumatano. Babu alikaa muda wote na fimbo katikati ya magoti.

Jioni ile nilimkuta Mama anamenya ndizi. Nilizunguka na maneno mengi, mwisho nikauliza tu: nilipokuwa chuo, sahani ilikuwa inamfikiaje Babu?

Alinitazama kama niliyeuliza maji yanachotwaje. "Si ni kwa kamba," akasema.

"Kamba ipi?"

"Unayoanikia jinzi zako."

Kamba ile ilikuwa ya manila, ya bluu, imefungwa kutoka kwenye mhimili wa mlango wa Babu, ikazunguka uwanja kwenye nguzo fupi za mti wa mlingoti, usawa wa kiuno. Niliporudi kutoka chuo niliona kamba, nikaanika nguo. Kila nikianika, Mama alizianua na kuzihamishia kwenye ua bila kusema neno, nami nikajiwazia sababu zote zinazowezekana, ikiwemo kwamba ananionea aibu kwa kuvaa suruali. Kumbe ilikuwa barabara ya Babu. Miezi minane alikuwa anakutana na jinzi zangu mbichi mkononi na hakuwahi kulalamika.

Macho ya Babu yalipoanza kuzima, Mama alisubiri siku ambayo Babu yuko kanisani, akaifunga. Fundo moja, umefika chooni. Mafundo mawili, umefika kwenye jiwe bapa chini ya mparachichi, na hapo ndipo sahani inapowekwa. Mafundo matatu, kuna ngazi. Akishaweka chakula anagonga mfuniko mara mbili na kurudi jikoni. Babu anakuja na kamba, anakula, akimaliza anagonga jiwe kwa fimbo. Nilipouliza nani aliyemfundisha maana ya mafundo, Mama alisema hakuna, alijua mwenyewe siku ya pili.

Hapo nikaleta hoja niliyoiona kuwa nzito. Nilisema desturi ni kutoonana, na Babu haoni, kwa hiyo Jumatano wanaweza kukaa ofisini bila desturi kuvunjika. Nilijivunia hoja hiyo kwa sekunde chache.

"Yeye haoni," Mama akasema. "Mimi naona."

Jumanne nilichora ramani. Nilikumbuka ofisi ya afisa ina mlango mmoja wa kuingilia koridoni na dirisha linaloangalia veranda ya nyuma. Babu angekaa ndani, uso kwenye ukuta wa kalenda. Mama angesimama verandani, upande wa dirisha, mgongo ukielekea ndani. Niliandika na mpangilio wa safari: Mama aondoke kwanza kwa bodaboda, sisi tufuate na bajaji baada ya nusu saa, kurudi iwe kinyume chake. Niliwaza bodaboda ikiharibika njiani tukampita. Niliwaza dirisha likiwa halifunguki. Niliwaza vitu ambavyo nikiviandika hapa vitaniaibisha.

Dirisha lilifunguka. Ila mvua ilikuwa kubwa, ile ya Tukuyu isiyo na haraka, na bati la veranda lilikuwa linavuja. Mama alipita nyuma ya jengo kwa hatua za harakaharaka, akasimama penye dirisha, kitenge kichwani, mgongo kwetu. Afisa alimkaribisha ndani. Mama akasema anasikia vizuri hapo hapo. Afisa alimtazama, akamtazama Babu aliyegeukia kalenda, akanitazama mimi. Nilianza kueleza, nikaanza mbali mno, kwenye ndoa za zamani, na akainua kalamu juu.

"Wewe ulisema Jumatatu. Leo waache wenyewe."

Alianza na maswali ya kawaida, Mama akajibu. Umri wake, kijiji, simu. Halafu akauliza lile ambalo, kwenye ramani yangu yote, sikuwa nimelifikiria.

"Mzee unayemtunza anaitwa nani?"

Mama akavuta kitenge mbele zaidi.

"Jina lake, mama. La kwanza linatosha."

"Andika mkwe," Mama akaiambia mvua.

"Mkwe nimeshaandika. Nataka jina."

Nilimwona afisa akibadilika taratibu, uso ule wa ukarimu ukifungwa kama duka. Nilielewa anachowaza, na kwa upande wake alikuwa sahihi: mwanamke aliyesimama nje, asiyetaka kuingia, asiyetaka kumtazama mgonjwa, na jina la mgonjwa hajui. Mtunzaji wa kuazima angefanya hivyo hivyo, tena huyo wa kuazima angekuwa amekariri jina. Alifunga fomu, akaivisha kalamu kofia yake na kuiweka juu. Alisema kwa upole kabisa kwamba kamati itamuuliza yeye, na hawezi kusimama mbele ya kamati na kuapa kwa mtu asiyejua jina la anayemtunza.

Niliona Ijumaa ikipita. Niliona chupa tupu ya matone kwenye dirisha la Babu. Nilikuwa nimejaza kurasa zote kwa mwandiko mzuri na nilikuwa naliua lile jicho kwa sababu sikuweza kupata sentensi moja fupi.

"Analijua," Babu akaiambia kalenda. "Halitaji."

Afisa akageuka. "Sasa mimi nitajuaje, mzee wangu, kwamba ndiye yeye?"

Babu huwa hasemi Kiswahili kingi, na akikisema anakisema polepole, kama anayevuka mto kwenye mawe. "Ndiye huyo aliyepita nyuma. Leo amefaa fiatu fya kanisani. Lakini mguu wa kushoto anauonea huluma, tangu Jumapili. Mwambie aende hospitali. Kitu kimebaki mle ndani."

Niliinuka nikachungulia dirishani. Mama alikuwa amesimama kwenye viatu vyake vyeusi vya kanisani, uzito wote kwenye mguu wa kulia, kisigino cha kushoto kikiwa juu kidogo ya sakafu. Nilikuwa nakaa naye nyumba moja. Nilikuwa nimekula naye tangu Jumapili, nikamwona akienda shambani na kurudi, na sikuwa nimeona kitu.

Afisa alimuuliza kama ni kweli.

"Kisiki cha mchai," Mama akasema. Alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge, na mabega yalikuwa yanatikisika. Ilinichukua muda kujua kwamba anacheka. "Sikumwambia mtu."

Afisa alivuta tena fomu. Aliuliza swali lake la Jumatatu, sasa kwa dirisha: chakula kinamfikiaje. Mama akaeleza kamba, mafundo, jiwe, mfuniko. Alieleza kwa kifupi, kama mtu anayeelekeza njia ya dukani. Afisa alikuwa ameacha kuandika. Aliuliza kwa nini mafundo matatu kwenye ngazi na si moja. Mama akasema ngazi ndiyo ya hatari, mkono uambiwe mara tatu. Afisa akarudia maneno hayo chini kwa chini, halafu akasema kesho anakuja kuona.

Alikuja Alhamisi saa nne, kwa bodaboda, na viatu vya mvua. Mama alimpokea nyuma ya jiko, Babu akiwa kwake. Nilidhani atakagua, aandike, aondoke. Badala yake alisimama kwenye mlango wa Babu, akasema shikamoo, akaomba ruhusa ya kutumia njia yake, kisha akafumba macho na kushika kamba.

Nilimfuata kwa nyuma nikiwa na hofu ataanguka na nitaandikiwa hilo. Alikwenda polepole, mkono unateleza kwenye manila. Kwenye fundo moja alisimama, akanusa, akasema "choo", akaendelea. Kwenye mafundo mawili aliinama akapapasa jiwe. Mama alikuwa ameweka sahani ya mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage, imefunikwa, kwa kuwa mgeni haondoki bila kula. Afisa, macho bado yamefumbwa, alipapasa mfuniko akagonga mara mbili.

Kutoka nyumbani kwake, Babu aligonga fimbo kizingitini, mara moja.

Afisa alifumbua macho. Aliniuliza ile ilikuwa na maana gani. Nilisema sijui, mimi najua ya kumaliza kula tu. Mama, kutoka jikoni, alisema hiyo ni ya kusema amesikia, anakuja, asije akadhaniwa ameanguka.

Afisa aliuliza jambo moja zaidi, na lilikuwa ndilo nililokuwa nalikwepa. Kazi ikipatikana na binti akaondoka, nani atamtia mzee matone? Mama hawezi kumshika uso. Nilianza kusema kwamba sina hakika nitaondoka, kwamba naweza kutafuta kitu hapa hapa Tukuyu. Babu alinikatiza kutoka mlangoni kwake. Aliomba chupa. Aliinua kichwa, akaweka kidole cha shahada kwenye mfupa wa chini ya jicho, akakalisha ncha ya chupa juu ya kidole, akaminya. Tone likaingia. Alisema amekuwa akifanya mazoezi kwa maji, kwenye chupa iliyokwisha, tangu aliponisikia kwenye simu nikiuliza habari za usaili Mbeya. Hiyo ilikuwa miezi mitano nyuma. Kila asubuhi na jioni alikuwa ananiachia nimtie, nikijiona wa lazima.

Sasa ikabaki picha. Afisa alikata jina langu kwenye fomu, mstari mmoja ulionyooka, akaweka sahihi ndogo pembeni. Doa langu la kwanza. Akaandika la Mama. Penye "tangu lini" alimuuliza mwenyewe, na Mama akafikiri sana. Nilitegemea atasema tangu macho yalipoanza, au tangu Bibi alipofariki.

"Tangu nilipoolewa," akasema.

Kisha afisa akatoa simu. Alimsimamisha Babu mlangoni kwake, kamba mkononi. Alimwomba Mama atoke jikoni, asimame upande wa pili wa uwanja kwenye nguzo ya mwisho, ashike kamba hiyo hiyo. Mama alitoka kinyumenyume, kitenge kichwani, na akaishika nyuma yake bila kugeuka. Afisa alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akaingia kwenye migomba ili wote wawili waenee kwenye picha.

Sikuweza kunyamaza. Nilimwambia kamati itaikataa, kwa sababu mmoja haonekani uso na wapo mbali, na fomu imesema wakiwa pamoja.

"Wameshika kamba moja," akasema bila kuondoa jicho kwenye simu. "Unawataka pamoja ya namna gani, binti? Hebu sogea, unaziba."

Nilisogea. Kamba ilikuwa imelegea katikati, na nilipotazama niliona inakaza kidogo, ikalegea, ikakaza. Sijui nani alikuwa anavuta.

Ijumaa nilishika simu kutwa nzima. Saa kumi na moja jioni ujumbe wa afisa ukaingia: amepita. Alisema kamati iliitazama picha kwa muda mrefu, kwamba mzee mmoja wa kamati aliomba aione mara ya pili, na hakuna aliyeuliza swali. Mama alikwenda hospitali wiki ile. Walimtoa kipande cha mti chenye urefu wa ukucha.

Kitambulisho kilitoka wiki kadhaa baadaye, siku chache kabla sijaenda Mbeya kwenye usaili. Nilimsomea Babu kwanza, maneno yote, na akakipapasa kingo zake zote nne. Halafu nikavuka uwanja nikamsomea Mama, aina ya ulemavu, kijiji, namba. Nilipofika kwenye jina niliruka, na yeye akaendelea kumenya ndizi kana kwamba hakuna kilichorukwa. Aliniuliza kama dawa wamempa. Nikasema wamempa chupa mbili. Akauliza kama picha yake imetoka vizuri. Nikasema imetoka vizuri, ila amenuna kidogo.

Mama aliuchukua mfuniko wa sufuria tupu, akaugonga kwa kisu mara mbili.

Hapakuwa na chakula jikoni bado, wala kwenye jiwe. Nilitaka kuuliza hiyo nayo ilikuwa na maana gani, lakini alikuwa ameshageukia ndizi zake, na kutoka ng'ambo ya uwanja fimbo ilijibu.